Siwa ya Ratili Ishirini na Nne

"Mzee Tesch, kwa nini uliitengeneza nzito hivi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, siku ya mazoezi ya mahafali, mlangoni mwa ukumbi wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Jamii cha Willow Fork, hapa kwetu Nebraska. Alikuwa ameiweka siwa ya chuo begani kama mtu anayemrudishia jirani koleo lake. Pembeni yake mwalimu wa kemia alikuwa ameketi kwenye ngazi akijikanda kiwiko. Alikuwa ametoka kuibeba siwa hiyo hatua sitini, na sasa alikuwa anasubiri aletewe maji.

"Nzito?" Mzee Tesch akasema. "Nani kakwambia nzito?"

"Mwalimu wa kemia."

"Huyo amezoea vitu vinavyoyeyuka," akasema, akaondoka nayo.

Hilo halikuwa jibu. Nililiandika swali langu nyuma ya daftari la hesabu, pamoja na maswali mengine ya siku ile, kama vile kwa nini mkuu wa chuo anavaa kofia inayofanana na mto uliokaliwa, na kwa nini folda anazowapa wahitimu jukwaani hazina kitu ndani. Hili la folda nilijibiwa papo hapo. Vyeti huja kwa posta baada ya wiki sita, folda ni ya kupigia picha. Mtu aliyenijibu hakuona aibu hata kidogo.

Siwa ni lile rungu la heshima linalotangulia maandamano ya wasomi, ili kila mtu ajue kwamba wanaokuja nyuma yake si watu waliopotea njia wakiwa wamevaa mapazia. Vyuo vikubwa vina siwa za fedha. Chetu, kilichojengwa kati ya ghala la mahindi na duka la matairi, kina siwa iliyotengenezwa kwa shafti ya kombaini, gia mbili za trekta na nati saba, kila nati ikiwakilisha idara moja ya chuo. Nati ya uuguzi imeng'arishwa mpaka unajiona. Nati ya fasihi iko chini kabisa, karibu na mkono wa mbebaji, mahali penye jasho, na idara ya fasihi imeshaliulizia jambo hilo mara mbili kwa maandishi.

Aliyeitengeneza ni Orval Tesch, mwalimu wa uchomeleaji. Alizaliwa shambani, maili kumi na moja kaskazini ya mji, akamaliza sekondari, akaanza kutengeneza mashine za watu. Siku moja chuo kikampigia simu. Mwalimu wao wa uchomeleaji amevunjika mguu, je, anaweza kushika darasa mpaka mguu upone? Akasema anaweza. Mguu ulipona, mwenye mguu akahamia Arizona, akazeeka, akafa, na Mzee Tesch bado alikuwa anashika darasa. Ikawa miaka thelathini na sita. Kila mwanafunzi aliyewahi kuchomelea ghala, daraja au geti katika kaunti tatu amepita mikononi mwake. Mlingoti wa bendera ya chuo ni wake. Vyuma vya kutundikia majoho ni vyake. Hata ile njia ya mwinuko ya kupandia jukwaani ni yake, na inalia kidogo ukiikanyaga katikati.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Hakuwa na shahada. Si ya kwanza, si ya pili, si ile ya miaka miwili ambayo chuo chenyewe hutoa. Kwa hiyo hakuwa na joho, na siku ya mahafali mambo yalikwenda hivi kila mwaka: Mzee Tesch anaitoa siwa kwenye kabati la jengo la utawala, anavuka nayo uwanja wa kuegesha magari, anapita safu nne za malori madogo ya wakulima, anafika mlango wa ukumbi. Hatua mia nne na kumi, nilizihesabu. Hapo anamkabidhi mwenye joho, naye anaibeba hatua sitini na kupigwa picha ya gazeti. Mzee Tesch anazunguka nyuma, anakaa kwenye kiti cha chuma karibu na ule mwinuko, sanduku la vifaa miguuni, iwapo utalia sana.

Usifikiri walikuwa na chuki naye. Walikuwa na mwongozo.

Mwongozo wa Mavazi na Maandamano ya Kitaaluma una kurasa arobaini na moja. Unaeleza kwamba joho la shahada ya kwanza lina mikono yenye ncha, la shahada ya pili lina mikono mirefu iliyoshonwa chini kama soksi, ambamo naamini mtu anaweza kuficha mkate, na la udaktari lina mistari mitatu ya mahameli. Unaeleza kishungi cha kofia kinalala upande gani kabla ya kuhitimu na kinahamia upande gani baada ya kuhitimu, na kwamba kukihamisha mapema ni kosa. Unaeleza rangi: nyeupe kwa fasihi, rangi ya mahindi kwa kilimo. Ukurasa unaoeleza mtu asiye na shahada avae nini haupo. Nilimwuliza mama kama ulichanika. Akasema haukuwahi kuandikwa.

Mama yangu, Janelle, ni katibu wa kamati ya mahafali. Ndiye anayeandika kumbukumbu za vikao, na ndiye aliyenieleza karibu yote haya, kwa sababu akirudi nyumbani kutoka kikaoni hawezi kula mpaka ameyasema.

Balaa lilianza mwezi Juni wa mwaka ule ule, mwalimu wa kemia alipostaafu, yeye na kiwiko chake. Ukurasa wa kumi na saba wa mwongozo unasema siwa hubebwa na mwalimu aliyetumikia chuo miaka mingi kuliko wote. Sasa huyo alikuwa Mzee Tesch. Lakini ukurasa wa nne unasema hakuna anayeingia kwenye maandamano bila joho, na ukurasa wa tisa unasema hakuna anayevaa joho bila shahada au cheti cha chuo. Naye Mzee Tesch alikuwa ameshaandika barua kwamba mahafali yajayo yakiisha, anastaafu. Maana yake ilikuwa moja. Angeibeba siwa zile hatua sitini mwaka ujao, au asingeibeba kabisa.

"Leo tumekaa masaa matatu," mama akasema akivua viatu, "tunajadili kama Mzee Tesch ni mtu."

"Mmeamua nini?"

"Tumeahirisha."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Dakta Rosalind Habegger, mwalimu wa fasihi na utunzi, miaka thelathini na mmoja chuoni, mwembamba, mwenye kifundo cha mkono kilichowahi kuteguka kwenye barafu na hakikurudi sawasawa. Si mtu mbaya. Anapenda tu mambo yawe kama yalivyokuwa Ulaya miaka mia nane iliyopita, isipokuwa vyoo.

Mtu mmoja kamatini alipendekeza apewe shahada ya heshima. Wakafungua mwongozo. Shahada ya heshima haitolewi kwa mfanyakazi wa chuo.

"Basi astaafu kwanza," akasema mwingine.

"Akistaafu si mwalimu tena. Hawezi kuwa mwalimu aliyetumikia miaka mingi kuliko wote."

"Astaafu asubuhi, apewe shahada, aajiriwe tena mchana."

"Mahafali ni saa nne asubuhi," akasema Dakta Habegger, na akaomba jambo hilo liandikwe kuwa limejadiliwa kwa kina.

Mwingine akauliza kama ovaroli iliyofuliwa vizuri haiwezi kuchukuliwa kuwa vazi la kitaaluma. Dakta Habegger akamwuliza mikono ya ovaroli ina ncha au imeshonwa chini.

Mwishowe wakamwita mwenyewe. Mama anasema aliingia na kofia mkononi, akakaa pembeni ya meza, akawasikiliza wote mpaka mwisho, kama anavyosikiliza injini.

"Kwa hiyo linalotakiwa ni joho," akasema.

"Linalotakiwa ni sifa ya kulivaa, Bwana Tesch," akasema Dakta Habegger.

"Wanafunzi wangu wanalivaa."

"Wamehitimu."

"Wamehitimu kwangu."

"Ndiyo. Wewe hujahitimu kwako."

Mama anasema pale kila mtu alitazama karatasi zake. Mzee Tesch akafikiri, akauliza dirisha la kujiandikisha liko wapi. Wakamwonyesha. Lilikuwa na vyuma vya kuzuia wezi, alivyovifunga mwenyewe.

Basi mwezi Agosti, akiwa na miaka sitini na nne, mwalimu wa uchomeleaji akaanza kusomea cheti cha uchomeleaji.

Usicheke bado. Mwongozo mwingine, maana vipo vingi, unasema mwalimu hawezi kujifundisha wala kujisahihisha. Kwa hiyo somo la Misingi ya Uchomeleaji alilichukua kwa mwalimu mwenzake Tawnya Kuzela, aliyekuwa mwanafunzi wake miaka kumi na miwili kabla, na ambaye siku ya kwanza ya maisha yake ya ufundi alikuwa amewasha moto mkono wa koti la Mzee Tesch. Koti bado linaning'inia karakanani, kama onyo.

"Tesch, Orval," Tawnya akaita siku ya kwanza.

"Nipo."

"Mwalimu, usiniangalie hivyo, nashindwa kusoma majina."

"Naangalia mkono. Umeshika kalamu vile vile nilivyokukataza kushika elektrodi."

Darasa zima likacheka, na Tawnya akaandika kwenye kitabu cha mahudhurio kwa mkono uliorekebishwa.

Akampa B. Mji mzima ulizungumza habari hiyo mpaka theluji ya kwanza. Mke wa Mzee Tesch, Bi Arlys, alimkabili Tawnya kwenye duka la vyakula, kati ya maziwa na mayai.

"Umempa B mtu aliyekufundisha kuwasha mashine?"

"Bi Arlys, alikosa Jumanne nne."

"Jumanne saa hiyo anafundisha. Chumba cha pili. Ukuta mmoja."

"Najua. Sauti yake nilikuwa naisikia."

"Sasa?"

"Sauti ilikuwepo. Fomu inauliza mwili."

Kulikuwa pia na somo la lazima kwa kila mwanafunzi mpya, Mbinu za Kufaulu Chuoni. Humo Mzee Tesch alitakiwa kuchora ramani ya chuo na kuonyesha maktaba ilipo. Akachora, pamoja na mabomba yote ya chini ya ardhi, likiwemo moja ambalo idara ya matengenezo ilikuwa inalitafuta tangu mwaka uliopita. Alitakiwa kumhoji mfanyakazi wa chuo kuhusu kazi yake. Akajihoji. Karatasi ikarudishwa: achague mtu mwingine. Akaandika chini yake, "Nimeulizia, wengine wote ni wapya," akairudisha. Akapewa nusu ya alama.

Halafu likaja somo la Utunzi wa Kwanza. Mwalimu, Dakta Habegger.

Hapa ndipo nilipotarajia vita, nikamwomba mama asikose kunieleza chochote. Hakukuwa na vita. Mzee Tesch alikaa mstari wa mbele kwa sababu ya masikio yake, akaandika kila kitu, akauliza maswali mawili kwa kipindi. Dakta Habegger alimwita Bwana Tesch, yeye alimwita Dakta. Kazi ya mwisho ilikuwa kueleza jinsi ya kufanya jambo unalolijua vizuri. Mzee Tesch aliandika kurasa tatu zenye kichwa "Jinsi ya Kushika Kitu Kizito."

Nimezisoma. Mama anatunza nakala, na mimi nasoma kila kitu ambacho mama anatunza. Anaeleza mahali pa kuweka miguu. Anaeleza kwa nini uzito ukae karibu na mwili lakini usilale kifuani, na kwa nini mtu ainame kwa magoti. Ukurasa wa tatu unamalizika hivi: "Kikikushinda, usingoje mpaka kianguke. Kiweke chini taratibu, mpini ukielekea unakokwenda, uende zako. Anayekuja nyuma atakiona."

Insha ikaishia hapo. Dakta Habegger akampa A kasoro, na kwa wino mwekundu akaandika pembeni: "Hitimisho liko wapi?"

Mwezi wa Aprili Mzee Tesch alikuwa amekamilisha masomo yote ya cheti. Joho likaja kwenye mfuko wa nailoni, la kijani, linalong'aa kama pazia jipya la bafuni na kunuka hivyo hivyo. Bi Arlys akalipiga pasi kwa kitambaa kibichi juu yake, maana bila hivyo linayeyuka. Watu wakaja kulitazama. Kila kitu kilikuwa tayari. Mtu ana miaka thelathini na sita ya kazi, ana joho, siwa ameitengeneza mwenyewe, hatua ni sitini tu.

Ndipo mjumbe mmoja wa kamati akafungua ukurasa wa ishirini na mbili.

Ukurasa wa ishirini na mbili unasema mtu haonekani katika maandamano mara mbili. Mwalimu ambaye pia anahitimu siku hiyo huandamana na wahitimu, mahali pake kwa alfabeti. Kwa maneno mengine, Mzee Tesch bila joho hakuweza kuibeba siwa kwa sababu si msomi, na Mzee Tesch mwenye joho hakuweza kuibeba kwa sababu ni mwanafunzi. Siwa ingebebwa na anayemfuata kwa miaka ya kazi. Huyo alikuwa Dakta Habegger.

Mama anasema Dakta Habegger alisoma ukurasa ule mara tatu kwa sauti, kama anayengoja ubadilike. Aliuandika yeye mwenyewe, miaka tisa nyuma, kwa ajili ya mwalimu mmoja wa muziki aliyependa kutokea kila mahali.

Mama ndiye aliyetumwa kumwambia. Nilikwenda naye, nikabaki kwenye gari, kioo kimeshushwa. Mzee Tesch alikuwa karakanani anafagia.

"Kwa hiyo, Janelle," akasema, "nimesoma mwaka mzima ili nitolewe mbele ya mstari nipelekwe herufi T."

"Mzee Tesch, mimi naandika tu."

"Najua, mama. Andika kwamba nimesikia."

Akaendelea kufagia. Alifagia sehemu moja muda mrefu.

Siku ya mahafali ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei, upepo mkali, kofia za wasomi zinakimbizwa kwenye uwanja wa magari. Bi Arlys alikaa safu ya tatu na sinia la biskuti za siagi magotini, limefunikwa kwa karatasi ya aluminiamu. Mimi na mama tulisimama mlangoni, kwa hiyo nilimwona anakuja. Mzee Tesch, ndani ya joho la kijani, kofia ya pembe nne kichwani, siwa begani, anapita katikati ya malori kama kila mwaka. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Hakuna aliyekuwa amefikiria nani mwingine angeileta.

Dakta Habegger alikuwa anangoja na mistari yake mitatu ya mahameli.

"Bwana Tesch."

"Dakta. Shika chini ya nati ya tatu. Isilale kifuani."

"Najua. Nilisahihisha kurasa tatu."

"Mkono unasemaje?"

"Unasema kama kawaida yake."

Akampa. Nilimwona Dakta Habegger akishuka kidogo, kama gari lililopakiwa. Mzee Tesch akarudi nyuma, karibu na mwisho wa mstari, kati ya binti mmoja wa uuguzi anayeitwa Tapia na kijana wa umeme anayeitwa Thibodeaux, na bendi ya sekondari ikaanza kupiga ule wimbo wa maandamano ambao ina uwezo wa kupiga nusu yake.

Dakta Habegger alikwenda vizuri hatua kumi. Hatua ya ishirini siwa ikaanza kuinama kushoto. Katikati ya uwanja wetu wa kikapu pamechorwa kichwa cha nyati, ambaye ni mnyama wa nembo ya chuo. Alipofika hapo akasimama. Ukumbi mzima ulimwona akiweka miguu sawa. Akainama kwa magoti, si kwa mgongo. Akailaza siwa juu ya pua ya nyati, mpini ukielekea jukwaani. Akanyanyuka, akaweka sawa kitambaa chake cha mgongoni, akaenda zake na uso wa mtu anayefuata desturi ya karne ya kumi na mbili.

Aliyekuwa nyuma yake ni mkuu wa chuo. Alikuwa na sekunde moja ya kuamua. Akapandisha joho lake kwa vidole viwili, akairuka.

Sasa mkuu akisharuka, nani atauliza? Wajumbe wa bodi wakaruka, mmoja akisaidiwa. Walimu wakaizunguka, wa sayansi kwa kulia, wa fasihi kwa kushoto. Wahitimu wakaanza kupita, herufi A, herufi B, kila mmoja akiitazama siwa kama mtu anayepita kando ya mbwa aliyelala.

Nyuma yangu baba mmoja akanong'ona, "Ndivyo inavyotakiwa?"

"Nyamaza," mkewe akamwambia. "Ni mambo ya kitaaluma."

Mama alikuwa anapekua mwongozo kwa kasi mpaka kurasa zinapiga kelele. "Haipo," alikuwa anasema. "Kuilaza chini haipo popote." Bendi ikarudia nusu ya wimbo mara ya nne. Wahitimu mia moja themanini na sita wakapita, na hakuna hata mmoja aliyeigusa, kwa sababu tangu siku ya mazoezi waliambiwa siwa haiguswi na mwanafunzi.

Wa mia moja themanini na saba alikuwa Tesch.

Hakumtazama mtu. Aliinama na kuiokota kama fundi anavyookota spana ambayo mtu ameiacha njiani. Akaisimamisha kwa mkono wa kulia peke yake, chini ya nati ya tatu, akaendelea kutembea, nyuma ya Tapia, mbele ya Thibodeaux. Hatua thelathini na tano. Nilizihesabu, ingawa nilikuwa naona ukungu kidogo. Hakukuwa na makofi, watu hawakujua kama inaruhusiwa. Vijana wa karakana tu ndio walioanza kupiga mabenchi kwa visigino, polepole, kwa kufuata hatua zake. Akapanda ule mwinuko na haukulia. Alikuwa ameutia mafuta asubuhi, kwa sababu mwaka ule hakukuwa na mtu wa kukaa kando yake. Akaisimika siwa kwenye kishikio chake, akashuka, akaenda kukaa kiti namba mia moja themanini na saba.

Baadaye jina lake likaitwa, akapanda tena, akapewa folda isiyo na kitu ndani kama wote, akapeana mikono, akahamisha kishungi upande wa pili. Sherehe ilipoisha, kwenye meza ya keki, Bi Arlys alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Umetembea vizuri," akamwambia. "Kofia umeivaa nyuma mbele."

Jumatatu iliyofuata, kwenye meza ya mama, kulikuwa na fomu ya kubadilisha alama, nakala tatu, somo la Utunzi wa Kwanza, mwanafunzi Tesch. Kutoka A kasoro kwenda A. Kwenye nafasi ya sababu Dakta Habegger alikuwa ameandika: "Hitimisho limepatikana."

Mwongozo sasa una kurasa arobaini na mbili. Ukurasa mpya unaitwa Kulazwa kwa Siwa. Unasema mbebaji huilaza siwa katikati ya ukumbi, na mhitimu mmoja wa uchomeleaji huiokota na kuifikisha jukwaani, ikiwa ni ishara ya elimu kuinama mbele ya kazi ya mikono. Karatasi ya ratiba inayogawiwa mlangoni inaiita desturi ya kale ya chuo. Baiskeli yangu ni ya kale kuliko desturi hiyo. Mwaka jana mgeni rasmi aliisifu kwa dakika tano, akasema mahali pengine wameipoteza.

Na kwa sababu ya kulazwa na kuokotwa kila mwaka, gia ya juu ikalegea. Kwa hiyo majira haya ya kuchipua siwa ilirudishwa kwa Mzee Tesch nyumbani kwake, ambako siku hizi anatengeneza mageti ya bustani na kukataa kuitwa mstaafu. Nina miaka kumi na sita sasa. Nilipita kwake baada ya shule, nikaikuta juu ya meza, nikajaribu kuinyanyua kwa mkono mmoja kama yeye. Ilinyanyuka inchi mbili.

"Mzee Tesch, niliwahi kukuuliza zamani. Kwa nini uliitengeneza nzito hivi?"

Akapandisha barakoa yake ya kuchomelea.

"Mkuu wa zamani alikuja karakanani," akasema. "Akasema chuo kinataka siwa. Nikamwuliza siwa ni nini, akasema ni chuma kinachotangulia watu. Huo mwongozo wao ulikuwa haujaandikwa."

Akaichukua kutoka mikononi mwangu, akaigeuza, akaangalia pale penye gia iliyolegea.

"Kila nilipoongeza kipande nilikuwa naipima kwa mkono huu," akasema. "Hakuna aliyeniambia itabebwa na mkono mwingine."